BINGWA WA MATUSI ALIYEPEWA KINYWA KIPYA

Kijana mpendwa, karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati tu. Usiitupe. Isome mpaka mwisho, ni dakika chache.

Hebu nikuulize. Tangu umeamka leo, ni maneno gani yametoka kinywani mwako? Kijiweni umesema nini? Kwenye simu umeandika nini? Mdogo wako umemwitaje? Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Ni kweli, lakini huo huo usio na mfupa umevunja mioyo ya watu wengi! Yuko mtu mzima leo anatembea na jeraha la neno moja aliloambiwa akiwa darasa la tatu. Pengine ni wewe.

Sasa sikiliza habari za mtu mmoja. Sio hadithi ya kutunga, ni mtu aliyeishi kweli. Jina lake John Newton.

MTOTO WA MAMA MWOMBAJI

John alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, mara nyingi yuko baharini. Mama yake ndiye aliyemlea na kumfundisha Biblia na nyimbo. Lakini mama alikuwa mgonjwa wa kifua, akafariki mwaka 1732, John hajatimiza hata miaka 7. Akiwa na miaka 11 baba yake akamchukua baharini.

Huko akajifunza mengine. Alipokuwa kijana alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika jeshi la majini mwaka 1744. Akatoroka, akakamatwa tena, akavuliwa nguo na kuchapwa mijeledi mbele ya wenzake. Moyo ukajaa uchungu. Alifikiria kumuua nahodha wake, akafikiria hata kujiua.

Na unajua uchungu ulipata wapi pa kutokea? Kinywani! Mabaharia wanajulikana kwa matusi, lakini John aliwashinda wote. Matusi ya kawaida hayakumtosha, akawa anabuni mapya. Alimtukana Mungu na kuwadhihaki wanaomwamini, na kwa maneno yake aliwapotosha wengine waliokuwa na imani. Fikiria, nahodha mmoja wa meli, mtu aliyezoea kelele za mabaharia, alichoshwa na kinywa cha kijana huyu akamkemea.

WALIOFUNGWA MINYORORO WALIMLISHA

Kabla ya hapo John alikuwa ameachwa pwani ya Afrika Magharibi, sehemu za Sierra Leone, akafanya kazi kwa mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa. Huko akaugua, akateswa, akanyimwa chakula. Na nani walimhurumia? Watumwa! Watu waliofungwa minyororo walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

USIKU WA DHORUBA

Mwezi wa tatu mwaka 1748 alikuwa katika meli inayoitwa Greyhound, wanarudi Uingereza. Usiku dhoruba kali ikaipiga meli, ubavu ukapasuka, maji yakaingia. John alikuwa anapanda juu, nahodha akamrudisha akalete kisu. Aliyepanda badala yake akazolewa na maji, hakuonekana tena.

Walipiga pampu saa nyingi. Katikati ya kazi ile neno likamponyoka John, akasema Bwana na aturehemu. Kisha akashtuka mwenyewe. Kinywa kile kile kilichokuwa kinamtukana Mungu, leo kinamwomba rehema! Akajiuliza, mtu kama mimi nitapata rehema gani?

Kijana, Mungu alisikia. Meli ile mbovu ilifika pwani ya Ireland mwezi wa nne, chakula kimekwisha kabisa. John akaacha matusi. Alikuwa na miaka 22. Mpaka uzee wake aliikumbuka siku ile ya dhoruba kila mwaka kwa maombi.

KINYWA KILIPONA, MIKONO BADO

Hapa sitakuficha kitu, maana habari njema haihitaji uongo. John aliacha matusi lakini hakuacha biashara ya watumwa. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli zilizobeba Waafrika kuwapeleka ng'ambo ya bahari. Jumapili aliwaongoza mabaharia katika sala juu ya sitaha, na chini ya miguu yao watu walikuwa wamelazwa katika minyororo. Watu kama wale waliomgawia chakula chao! Na alipoacha safari hizo mwaka 1754, ugonjwa ndio uliomwachisha.

Kwa nini nakuambia? Kwa sababu kuna watu wanafikiri kuokoka ni kubadilisha lugha tu. Unasema bwana asifiwe, unaacha matusi, basi. Hapana! Mungu anaanza na kinywa, lakini anataka mtu mzima. Maneno mazuri juu ya sitaha hayamsaidii aliyefungwa chini. Ilichukua miaka mingi mpaka John akaliona hilo.

MANENO YALIYOINUA WATU

Mwaka 1764 John akawa mchungaji katika mji mdogo unaoitwa Olney. Mtu aliyekuwa anawavunja watu kwa ulimi sasa akawa tabibu wa mioyo. Waliovunjika walimfuata, naye aliwaandikia barua nyingi za kuwatia moyo.

Mmoja wao alikuwa mshairi William Cowper. Huyu alisumbuliwa na huzuni nzito, hata aliwahi kujaribu kujiua. Mwaka 1773 ugonjwa ulimrudia vibaya. John na mke wake Mary wakamkaribisha nyumbani kwao, akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Hawakumwambia jikaze wewe ni mwanaume. Hawakumwambia huna imani. Walikaa naye. Huzuni ya Cowper haikuisha kabisa mpaka alipofariki mwaka 1800, lakini aliishi, akaandika mashairi na nyimbo zinazosomwa hadi leo. Kitabu cha nyimbo walichotunga pamoja kilitoka mwaka 1779. Ndani yake kuna wimbo wa John kuhusu neema ya ajabu, ambao sasa unaimbwa duniani kote.

Mwingine alikuwa mbunge kijana wa miaka 26, William Wilberforce. Mwezi wa 12 mwaka 1785, John akiwa mchungaji London, kijana huyu alikwenda kwake kwa siri. Aliogopa kuonekana, akazunguka kwanza nje kabla ya kugonga mlango. Alikuwa amemgeukia Mungu, na alijiuliza kama aache siasa. John angeweza kumkaripia kwamba Bungeni kuna uchafu, toka huko. Badala yake alimtia moyo abaki, kwamba Mungu anaweza kumtumia hapo hapo alipo.

Neno moja la kutia moyo! Wilberforce alibaki, akapigana na biashara ya watumwa karibu miaka 20. Naye John akafungua kinywa. Mwaka 1788 alichapisha kijitabu akitubu hadharani biashara aliyoifanya na kueleza maovu yake. Akatoa ushahidi mbele ya wabunge. Mwezi wa tatu mwaka 1807 sheria ikapita kukomesha biashara ile katika nchi zote zilizotawaliwa na Uingereza. John alikuwa haoni tena, lakini aliisikia habari hiyo. Alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.

Moto ule haukuishia Ulaya. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar nalo lilifungwa, Sultani akiwa amebanwa na Waingereza. Babu zetu waliouzwa pale Mkunazini walikuwa wanaumwa na jambo hilo hilo.

NA WEWE JE?

Labda unasema, mimi nimezoea, siwezi kuacha. Umejaribu kujizuia, ukikasirika yanatoka tena. Ni kweli, maana shida haiko kwenye ulimi, iko moyoni. Soma Mathayo 12:34. Kisima kikiwa kichungu, kubadilisha ndoo hakusaidii! Yesu Kristo alikufa msalabani kwa ajili yako ili akupe moyo mpya. Kama alimpokea John Newton, wewe atakukataaje?

Tena maneno mema sio kumsifia mtu uongo. John alisema kweli, hata ile iliyomwaibisha mwenyewe. Soma Waefeso 4:29 na Mithali 12:25. Na uanze leo: mwombe msamaha uliyemtukana. Mtafute rafiki aliyenyamaza siku hizi, ukae naye. Mwambie mama asante kwa chakula. Hujui neno lako litafika wapi.

Kama uko tayari, sali hivi kwa moyo wako:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Kinywa changu kimeumiza watu na kukukosea wewe. Nisamehe. Naamini ulikufa na kufufuka kwa ajili yangu. Ingia moyoni mwangu, unifanye mpya, na ulimi wangu uwe wa kuinua watu. Amina.

Umesali? Mungu amekusikia. Usikae peke yako, tafuta kanisa la watu waliookoka karibu na kwenu, waeleze uamuzi wako wakuombee. Na karatasi hii usiifungie karanga, mpe mwenzako asome.

Yesu anakupenda. Mungu akubariki!