Livingstone na Kisa cha Kufa Akisali: Nani Alishuhudia?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Ijumaa hii tunatazama maisha ya mtu ambaye watoto wetu humsoma shuleni, na ambaye nyumba yake ya Kwihara, karibu na Tabora, imejengwa upya kwa ukumbusho: David Livingstone.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha pamba, kisha akasomea uganga, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini kueneza Injili. Baadaye alijitosa katika safari ndefu. Mwaka 1869 aliugua mno magharibi ya Ziwa Tanganyika, akauguzwa na Mwislamu, Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa misafara. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakafuatana hadi Kwihara Februari 1872. Agosti mwaka huo aliondoka kuelekea kusini, akafia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873.

Imeenea makanisani na vitabuni kwamba alifariki amepiga magoti, akisali. Tuipime habari hii kama wanazuoni wetu wanavyopima riwaya: ni nani wapokezi wake? Kijana Majwara alikuwa kibandani, lakini usingizi ulimchukua. Alipozinduka aliogopa, akamwita Susi. Susi, Chuma na wenzao wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso umo viganjani, naye amekwisha kufa. Basi walichokiona ni mkao. Dua hakuna aliyeisikia. Mgonjwa aliyevuja damu siku nyingi huweza kuinama vile kwa maumivu pia. Aliyekieleza kisa kuwa ni sala ni kasisi Horace Waller, rafiki wa marehemu, alipohariri shajara zake Uingereza mwaka 1874, baada ya kuwahoji Susi na Chuma. Hata tarehe zinapingana: kitabu chasema 1 Mei, ilhali Jacob Wainwright alichonga 4 Mei juu ya mti palipozikwa moyo wake.

Lililo thabiti ni uaminifu wa wabebaji. Waliukausha mwili, wakauchukua hadi Tabora. Huko, Oktoba 1873, ofisa Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike; wakakataa, wakafuata njia ya misafara hadi Bagamoyo, Februari 1874. Alipozikwa London Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo, walifikishwa baadaye.

Wala tusishangilie kuanguka kwa kisa cha wenzetu. Katika shajara hizo imo habari ya mauaji ya soko la Nyangwe, Julai 1871, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara wenye majina kama yetu. Hiyo aliishuhudia kwa macho yake. Surat al-Hujuraat imetuamrisha kuhakiki habari, na haikutenga zile zinazotuuma. Anayetaka isnadi kwa jirani, na aikubali ikimfikia yeye.

Wallahu a'lam.