MAISHA YA JEFFERSON BURDICK, MUTU WA KADI



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya watu wa vita na wa serikali. Mara hii tunapenda kuwaeleza maisha ya mutu mupole wa kiwanda. Jina lake ni Jefferson Burdick. Wakusanyaji wa kadi za zamani kule Marekani wanamwita baba yao.

Alizaliwa mwaka 1900 katika jimbo la New York. Siku zile makampuni ya tumbako yalikuwa yanatia kadi ndogo ndani ya pakiti ya sigara. Kadi ilikaza pakiti isikunjamane, tena ilivuta wanunuzi, maana ilikuwa na picha: ndege, bendera, na zaidi wachezaji wa bezboli, ule mupira wao wa kupiga na fimbo. Wakubwa walivuta sigara, watoto wakaomba kadi. Burdick naye alianza kukusanya angali mutoto.

Alimaliza masomo katika Syracuse University mwaka 1922, kisha akaingia kiwanda cha vyombo vya umeme, akifanya kazi ya kuunganisha vipande. Hakuoa, hakuwa na feza mingi. Halafu ugonjwa wa viungo ukamushika, vidole vikaanza kujikunja na kumuuma.

Wakati ule kila mukusanyaji alikuwa peke yake. Hakuna aliyejua kadi ngapi zilichapwa, wala nani yuko na zile zinazomukosa. Burdick angeweza kuficha aliyoyajua na kununua kwa bei ya chini. Hakufanya vile. Mwaka 1937 alianza kutoa gazeti dogo la wakusanyaji, na mwaka 1939 akatoa kitabu chenye orodha ya kadi, alichokitengeneza kwa musaada wa wenzake waliomuandikia barua. Aligawa kadi kwa herufi na namba: N ni tumbako ya karne ya 19, T ni tumbako ya karne ya 20. Mupaka leo wakusanyaji wakisema T206, wote wanaelewana: ni kadi za miaka 1909 mupaka 1911.

Ndani ya hizo T206 kuna kadi ya Honus Wagner, muchezaji wa Pittsburgh. Zimebaki chache sana. Burdick aliiandikia bei ya dola 50, na watu wakashangaa. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola 7,250,000.

Sasa, wandugu, sikieni jambo ambalo sisi lilitugusa. Burdick alikuwa na kadi na karatasi zaidi ya 300,000, na kati yazo kama 30,000 ni za bezboli. Hakuziuza. Tangu mwaka 1947 alianza kuzitoa bure kwa Metropolitan Museum of Art, nyumba kubwa ya sanaa katika muji wa New York, ili kila mutu aweze kuziona. Tena hakutupa makarto mulangoni na kwenda zake. Alikaa pale mezani, na ile mikono yenye maumivu, akibandika kadi moja moja ndani ya vitabu, miaka na miaka. Tarehe 10 Januari 1963 alibandika ya mwisho. Kesho yake aliingia hospitali. Tarehe 13 Machi alikufa.

Wandugu, hapa kwetu tunaona nini? Mwenye kaye nzuri ya kemia anaifungia ndani ya malle wakati Examen d'État inakaribia, juu ya kuogopa mwenzake asimupite. Na sisi tuliwahi kufanya hivyo, tusijifiche. Lakini kaye iliyofungiwa inaliwa na panya, na mwenyewe hata haongezi alama.

Kwa hiyo sisi wa darasa la mwisho tumepatana: kabla ya kutoka shuleni, kaye zetu za hesabu na kemia tutaziacha katika maktaba, zikiwa na majina na namba, wadogo wetu wazipate. Ninyi nanyi mutaongeza zenu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho