Joginder Singh: Makanika aliyeshinda Safari Rally kwa gari kuukuu

WAPENZI wa magari ya kale ya mbio hawajamsahau Joginder Singh, aliyebandikwa jina Simba wa Kenya.

Alizaliwa Kericho mwaka wa 1932 na kujifunza umakanika angali kijana katika gereji ya babake. Alijitosa katika Safari Rally mwaka wa 1959.

Mwaka wa 1965 hakuwa na gari jipya. Alinunua Volvo PV544, ambayo timu ya kampuni hiyo ya Uswidi ilikuwa imeitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Umbo lake lilibuniwa miaka ya arobaini, na utengenezaji wake ulikoma mwaka huo huo wa 1965. Joginder aliikarabati, akaiendesha na nduguye Jaswant, wakazibwaga timu za viwanda.

Alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Alifariki London mnamo Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Leo Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 8. Volvo ile ingeruhusiwa, kwani haikuwa imefikisha umri huo; iliyoichakaza ni barabara. Kanuni huhesabu miaka, lakini uzima wa gari hutegemea pia mkono wa fundi. Hilo Joginder alilithibitisha.