Selous: Mwindaji aliyeishi kwa risasi, akafa kwa risasi

KILA siku maelfu ya watu hupita Gerezani wakielekea Kariakoo bila kukumbuka kwamba jina la soko hilo ni kumbukumbu ya vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo liligeuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao, na ulimi wa wenyeji ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi hao ndio waliobeba chakula na masanduku ya risasi hadi bonde la Rufiji. Huko, tarehe 4 Januari 1917, alianguka mwindaji aliyekuwa maarufu kuliko wote wa zama zake, Kapteni Frederick Courteney Selous.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, akasoma katika shule ya Rugby, na mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 19, alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na pauni 400 na nia moja tu: kuishi kwa kuwinda ndovu. Akiwa njiani kuelekea machimbo ya almasi aliibiwa bunduki yake nzuri. Ilimbidi anunue magobori mawili ya bei rahisi, yaliyotengenezwa Birmingham kwa ajili ya kuwindia bata.

Magobori hayo ndiyo yaliyompa elimu yake ya kwanza. Kila moja lilikuwa na uzito wa karibu kilo sita, na mtutu wake, usio na mifereji ndani, ulimeza goroli la risasi la gramu 113, lenye kipenyo cha karibu inchi moja. Baruti ilichotwa mfukoni kwa mkono.

Kiswahili kina jina moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachotoka mtutuni. Na katika siku zile mambo hayo mawili hayakuwa mbali. Mwindaji alibeba vipande vya madini, chungu cha kuyeyushia na kalibu yake, akajimiminia risasi kando ya moto wa kambi. Fundi wa vyuma wa Gerezani ataelewa mara moja: aliyechagua kalibu amekwisha kuchagua umbo, na kosa la kalibu halirekebishwi kwa kupiga nyundo baadaye.

Goroli la mviringo lilikuwa na nguvu karibu na mnyama, lakini lilipoteza mwendo upesi. Risasi laini ilibonyea ilipogonga mfupa mnene. Kwa hiyo wawindaji wa ndovu na faru waliichanganya na bati au antimoni ili iwe ngumu. Wengine walichagua risasi yenye tundu puani, iliyochanua ndani ya nyama. Hiyo ilifaa kwa swala, lakini kwa nyati ilikuwa njia fupi ya kwenda kaburini.

Mwaka 1872 Selous alimwendea Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alicheka kuona mtoto mwenye maneno makubwa kiasi hicho, akamruhusu. Katika misimu mitatu magobori yale yaliangusha ndovu 78, karibu wote kwa kuwafuata kwa miguu. Siku moja mbebaji wake alishindilia baruti na risasi mara mbili kwa bahati mbaya. Bunduki ilipolia, kitako kilivunjika na mwindaji akatupwa chini. Hata bila ajali, mapigo ya begani yalimharibu. Baadaye alikiri kwamba bunduki hizo ziliathiri mishipa yake ya fahamu na ulengaji wake, na akajuta kuzitumia.

Ndipo alipobadili mawazo. Aliachana na goroli zito akachukua bunduki ya Gibbs wa Bristol, yenye mtutu wa mifereji na kipenyo cha inchi 0.450, iliyorusha risasi ndefu na ngumu. Risasi hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya uzito wa ile ya zamani, lakini ilikwenda moja kwa moja na kupenya ndani. Kwa hiyo aliwinda hata nyati na ndovu. Baruti isiyo na moshi ilipoenea katika miaka ya 1890, mwendo ukawa mkubwa mno kwa risasi tupu. Ikavishwa ganda la metali kiwandani, na kalibu ya kambini ikaanza kusahauliwa. Haikufa, hata hivyo. Bastola za magnum zilipotokea Marekani, kuanzia mwaka 1935, wapigaji kama Elmer Keith walirudi kwenye swali lilelile la umbo la kalibu, na Keith akasimamia pua pana iliyokatwa bapa.

Si haki kumsimulia Selous kama mwindaji tu. Mwaka 1890 aliuongoza msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, na mwaka 1893 alipigana katika vita vilivyouangusha ufalme wa Lobengula, mtu yule yule aliyempa ruhusa. Wasifu mwingi ulioandikwa Ulaya hupita hapo kwa haraka.

Vita Kuu ilipozuka alikuwa na miaka 62. Alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, akashuka Mombasa mwaka 1915 na kupigana Bukoba. Aliugua, akarudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji, kisha akarejea. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa wameanza vita wakiwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti ya moshi na risasi tupu, kama za ujana wake. Huko Beho Beho, risasi moja ya mdunguaji ilimuua. Alizikwa papo hapo, chini ya mkwaju. Mwanawe, rubani wa kivita, aliuawa tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori la akiba jina la Selous. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa katika vita hivyo hawakupata hata makaburi yenye majina. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la Beho Beho sasa limo ndani yake.