Tupac: Mwana wa mwanamapinduzi aliyemezwa na mtaa

KATIKA miaka ya tisini, sura ya Tupac Shakur ilichorwa kwenye matatu za Kenya na kuchapishwa kwenye fulana za vijana. Wengi walifahamu namna alivyokufa. Ni wachache waliofahamu namna alivyolelewa.

Alizaliwa jijini New York, Juni 16, 1971, mwezi mmoja baada ya mamake, Afeni, mwanachama wa Black Panther, kuondolewa mashtaka ya kula njama. Mama huyo alimpa mwanawe jina la Túpac Amaru wa Pili, aliyeongoza uasi dhidi ya Wahispania nchini Peru katika karne ya 18.

Ufukara uliwahamisha hadi Baltimore, ambako Tupac alisomea uigizaji, ushairi na densi katika shule ya sanaa. Mnamo 1988 alihamia Marin City, California. Huko mamake alinaswa na kokeini, naye kijana akafunzwa na mtaa. Albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now ya 1991, ilianika ukatili wa polisi na masaibu ya wasichana wanaozaa wangali watoto.

Novemba 1994 alipigwa risasi, akanusurika. Februari 1995 alifungwa kwa kumdhulumu mwanamke kimapenzi, kosa alilolikana. Oktoba aliachiliwa kwa dhamana ya dola milioni 1.4, akajiunga na kampuni ya Death Row. Februari 1996 ikatoka All Eyez on Me, albamu ya nyimbo 27 zilizosheheni anasa, maadui na maisha ya genge.

Mcheza na tope humrukia. Septemba 7, 1996, alimiminiwa risasi mjini Las Vegas, akafariki siku sita baadaye akiwa na umri wa miaka 25. Mshukiwa alishtakiwa mwaka wa 2023, akakana.

Wasanii wa kufokafoka wa Dandora, Nairobi, walijiita Ukoo Flani Mau Mau, wakikumbuka wapiganaji wa Kikuyu, Embu na Meru walioingia msituni kudai ardhi na uhuru. Walifanya alivyofanya Afeni: kuliazima jina la waasi. Barobaro wa Embu anayemuiga Tupac kwa kushika silaha ameiga mwaka wake wa mwisho pekee, akaiacha miaka mingine yote ya kusoma, kutunga na kuwatetea wanyonge.