Kurt Debus: kutoka Apollo hadi roketi za Shaba

Anayebisha kwamba dunia ni bapa kama meza, asiende mbali: Kaniama ilikuwa ndani ya Shaba, jimbo ambako kampuni ya Kurt Debus ilirusha roketi. Mjerumani huyo, aliyezaliwa 1908, alikuwa mwanachama wa SS na alirusha V-2 za Hitler. Marekani ilimchukua hivyo hivyo. Mwaka 1969 kituo alichokiongoza kikarusha Apollo 11.

Kuanzia 1975 aliongoza baraza la OTRAG, kampuni iliyokodishiwa ardhi na Mobutu ili ipeleke setilaiti angani. Setilaiti ya karibu hukimbia kilomita 28,000 hivi kwa saa: inaanguka daima, ila dunia ya mviringo inajikunja chini yake. Roketi za OTRAG hazikufikia mwendo huo. Juni 1978 moja ilianguka mbele ya Mobutu. 1979 akasimamisha kazi hiyo. Debus alifariki 1983.