Hannes Schneider: Fundi wa theluji aliyewafaa wanagenzi

PHILIP Boit, mwanariadha wa mbio za mita 800 kutoka Eldoret, alipokwenda Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwenye theluji, hakuwa na uzoefu wowote wa mchezo huo. Miaka miwili baadaye alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, lakini alimaliza.

Mbio za Boit zilikuwa za masafa, si za kuteremka mlima kwa kasi. Hata hivyo, hofu ya mwanagenzi anapoukabili mteremko wa theluji ni ile ile popote. Aliyeitafutia hofu hiyo dawa ni Hannes Schneider wa Austria.

Schneider alizaliwa Juni 24, 1890 katika kijiji cha Stuben, eneo la milima ya Arlberg. Utotoni aliupenda mchezo huo kwa kuwatazama watu wazima, hasa Viktor Sohm, ambaye baadaye alimfunza. Mwaka 1907, akiwa kijana mdogo, aliajiriwa katika mji jirani wa St. Anton kuwafundisha wageni wa hoteli.

Huko ndiko alikobuni mtindo uliokuja kuitwa wa Arlberg. Mwanafunzi alianza kwa kukunja magoti na kuegemea mbele, kinyume cha hofu inayomvuta mtu nyuma. Kisha alifundishwa kuzikutanisha ncha za mbele za mbao zake na kuzipanua nyuma, mfano wa plau ya mkulima, ili apunguze mwendo. Baada ya hapo alijifunza kukata kona kwa kuhamishia uzito wa mwili kwenye mguu mmoja. Kasi ilikuja mwishoni.

Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka, Schneider aliwafunza askari wa milimani. Vita vilipokwisha alirejea St. Anton na kuanzisha shule iliyowagawa wanafunzi kwa madaraja kulingana na ujuzi wao. Filamu za Arnold Fanck zilieneza sifa zake, na mwaka 1930 alialikwa Japani kufundisha.

Mambo yaligeuka Machi 1938, Ujerumani ya Hitler ilipoitwaa Austria. Schneider, ambaye hakuwaunga mkono Wanazi, alikamatwa na kufungwa, kisha akapelekwa Ujerumani na kuwekwa chini ya ulinzi. Rafiki yake Rudolf Gomperz, mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeshirikiana naye kuijenga St. Anton, alihamishwa kwa nguvu na kuuawa mwaka 1942.

Schneider aliokolewa na Harvey Gibson, mwenye benki Mmarekani aliyetumia ushawishi wake ili aachiliwe. Februari 1939 aliwasili na familia yake North Conway, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire, alikozaliwa Gibson.

Hivyo, mwalimu wa wanagenzi naye akawa mwanagenzi. Akiwa na umri wa miaka 48 alianza upya katika nchi ya ugenini, kwenye kilima cha Cranmore ambacho ni kifupi mno kikilinganishwa na milima ya kwao. Aliendelea kufundisha huko hadi alipofariki dunia Aprili 26, 1955. Mwanawe, Herbert, alipigana upande wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili na baadaye akauendeleza mlima huo.

Mitindo imebadilika tangu wakati wake, lakini plau ingali somo la mwanzo kwa wanagenzi wengi duniani. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za mteremko kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Ujuzi wake aliupata katika nchi ile ile ambayo Schneider alilazimika kuiacha.